Viputo katika altrasaundi: mwongozo wa hatua kwa hatua, kuanzia picha ya ini hadi kupeleka dawa kwenye ubongo

Mtu anayejifunza altrasaundi huambiwa tangu siku ya kwanza kwamba hewa ni adui wake. Jeli hupakwa ili kufukuza hewa iliyo kati ya probu na ngozi, mgonjwa huombwa aje bila kula ili tumbo lisijae gesi, na kongosho likifichwa na utumbo hakuna la kufanya ila kumgeuza mgonjwa na kujaribu tena. Kipimo kinachoelezwa hapa kinakwenda kinyume cha mafundisho hayo. Gesi huingizwa kwenye damu kwa makusudi, ikiwa imefungwa ndani ya viputo vidogo kuliko chembe nyekundu za damu, na tabia ile ile ya gesi inayoharibu picha, yaani kurudisha mwangwi mkali, ndiyo inayogeuka kuwa faida.

Mwongozo huu ni wa daktari au mtaalamu wa radiografia ambaye tayari anamudu altrasaundi ya kawaida ya tumbo na ya moyo. Nimelichukua ini liwe mfano mkuu kwa kuwa ndiko kipimo hiki kilikoota mizizi. Baadaye nitaeleza kipimo cha moyo kinachofanywa kwa maji ya chumvi tu, kisha upelekaji wa dawa, ambao bado uko mikononi mwa watafiti. Katika sehemu zote hizo kuna namba moja ya kuiangalia: ile inayoandikwa MI (kifupi cha Kiingereza cha mechanical index, kipimo cha nguvu ya wimbi) pembeni mwa skrini, ambayo wengi wetu tumezoea kuipita bila kuitupia jicho. Vipimo vyako vya mwanzo vifanye ukiwa na mtu mwenye uzoefu kando yako, kwani maandishi hayawezi kukushika mkono.

Kijue kiputo kwanza

Mwaka 1968 Raymond Gramiak na Pravin Shah wa Chuo Kikuu cha Rochester, katika jimbo la New York, walieleza kwamba kimiminika kilipochomwa kwa kasi kupitia mrija uliofika moyoni, altrasaundi ilionyesha wingu la mwangwi kwenye mzizi wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Wingu hilo lilitokana na viputo vya hewa vilivyozaliwa wakati wa kuchoma. Shida ni kwamba viputo vya hewa tupu huyeyuka upesi, na vilivyo vikubwa hunaswa katika mishipa midogo ya mapafu, kwa hiyo havifiki upande wa kushoto wa moyo, wala kwenye ini. Suluhisho lilichukua miongo kadhaa kupatikana, nalo ni ganda laini la protini au la mafuta linalokilinda kiputo, pamoja na gesi nzito ambayo huyeyuka kwa shida katika damu.

SonoVue, bidhaa ya viputo iliyoanza kuidhinishwa Ulaya mwaka 2001 na ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2014 kwa jina la Lumason, ina gesi ya salfa heksafloraidi ndani ya ganda la fosfolipidi. Definity na Optison hubeba gesi ya peflutreni, ya kwanza katika ganda la mafuta na ya pili katika ganda la albumini. Sonazoid, inayotumika Japani tangu mwaka 2007, humezwa na seli walinzi wa ini, jambo linalompa mpimaji awamu moja zaidi ya kutazama. Hatua zinazofuata zinaifuata SonoVue. Mwenye bidhaa nyingine asome karatasi iliyomo kwenye boksi lake, maana tofauti zipo: Definity, kwa mfano, haitikiswi kwa mkono bali kwa kimashine chake maalumu, kwa sekunde 45.

Kiputo cha wastani kina kipenyo cha mikromita 2.5 hivi, ilhali chembe nyekundu ya damu ina mikromita 7 hadi 8. Mililita moja ya mchanganyiko ina mamia ya mamilioni ya viputo, lakini gesi yote iliyomo ni mikrolita 8 tu, kwa hiyo dozi kamili ya kupimia ini, mililita 2.4, ina gesi isiyofikia nusu ya tone la maji. Hesabu hii iweke kichwani, kwani wagonjwa wengi wamesikia kwamba hewa ikiingia mshipani mtu hufa, na wana haki ya kupewa jibu lenye namba badala ya kuambiwa tu wasiwe na wasiwasi.

Sasa tuje kwenye MI. Namba hiyo hupatikana kwa kuchukua shinikizo la chini kabisa ambalo wimbi hufikia, kwa megapaskali, na kuligawanya kwa kipeuo cha pili cha masafa ya wimbi kwa megahezi. Kwa lugha nyepesi, inaonyesha jinsi wimbi linavyokivuta na kukibana kiputo. MI ikiwa ndogo sana, kama 0.05 hadi 0.1, kiputo hutanuka na kusinyaa mfano wa kifua cha mtu anayepumua, lakini hutanuka zaidi ya kinavyosinyaa, na kutolingana huko ndiko kunakokitambulisha. Mashine hutuma wimbi moja, kisha la pili lililopinduliwa, halafu hujumlisha majibu yake: mwangwi wa nyama za mwili, unaofuata wimbi kwa utiifu, hujifuta wenyewe kwa wenyewe, na mwangwi wa viputo hubaki. Ndiyo maana picha ya kontrasti, yaani ile inayoonyesha viputo, ni nyeusi kabla ya sindano na hung'aa pale tu damu inapopita. MI ikipandishwa hadi viwango vya altrasaundi ya kila siku, ambavyo mara nyingi huvuka 0.5 na huruhusiwa kufika 1.9, viputo hupasuka. Mpimaji asiyelijua hili huvivunja viputo vyake mwenyewe kisha huandika kwenye ripoti kwamba uvimbe haupati damu.

Hatua ya kwanza: mgonjwa

Anza na altrasaundi ya kawaida. Uvimbe ambao huuoni vizuri bila kontrasti, kwa sababu umejificha nyuma ya mbavu au uko kina cha sentimita 12 ndani ya ini lililojaa mafuta, hautaonekana vizuri zaidi kwa sababu ya viputo, na pengine ni heri kumpeleka mgonjwa kwenye CT au MRI mapema. Tafuta mkao ambao uvimbe unaonekana hata anapopumua taratibu, mfanyishe mazoezi ya kupumua kidogokidogo, na uweke alama pale probu ilipokaa.

Kisha muulize maswali. La mzio ndilo zito. SonoVue ina polietilini glaikoli, kemikali inayopatikana pia katika baadhi ya dawa za kusafisha utumbo na katika baadhi ya chanjo za Uviko-19, na mtu mwenye historia ya mzio nayo hapaswi kupewa. Ukimuuliza kwa jina hilo atakukodolea macho tu. Muulize hivi: “Mama, umewahi kuvimba uso, kuwashwa mwili mzima au kubanwa pumzi baada ya chanjo, sindano au dawa ya kuharisha uliyopewa kabla ya kipimo?” Uliza pia kuhusu moyo na mapafu. Shinikizo kubwa sana la damu katika mishipa ya mapafu na mapafu kushindwa kazi kwa ghafla (ARDS) ni sababu za kuahirisha au kuacha kabisa. Mtu aliyepata shambulio la moyo siku chache zilizopita anahitaji uamuzi wa daktari bingwa wa moyo. Wajawazito kwa kawaida huepushwa kwa tahadhari.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo kali kwenye bidhaa hizi mwaka 2007 baada ya taarifa za matatizo ya moyo na mapafu, kisha mwaka uliofuata ikalegeza baadhi ya makatazo. Uzoefu mpana unatuliza moyo: mapitio ya vipimo 23,188 vya tumbo yaliyofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 2006 yalikuta matukio mabaya makubwa 2 na hakuna kifo. Hata hivyo, adrenalini na vifaa vya kuokoa maisha viwe chumbani humo humo, si kwenye kabati la wodi ya jirani ambalo ufunguo wake uko kwa muuguzi aliyekwenda kula, na mgonjwa aangaliwe kwa dakika 30 baada ya sindano.

Faida moja kubwa inawahusu wagonjwa wa figo. Kontrasti ya CT, yenye madini ya joto, na ile ya MRI hutoka mwilini hasa kupitia figo. Gesi ya viputo hutoka kwa pumzi, zaidi ya asilimia 80 ndani ya dakika 2 na karibu yote ndani ya dakika 15, huku mafuta ya ganda yakitumiwa na mwili kama mafuta mengine. Hakuna haja ya kusubiri kipimo cha kreatinini, kile cha kuangalia kazi ya figo, na mgonjwa anayesafishwa damu anaweza kupimwa siku yoyote.

Hatua ya pili: mshipa, kichupa na mashine

Weka kanula (mrija mwembamba unaobaki mshipani) ya geji 20, ile ya rangi ya waridi, kwenye mshipa wa kiwiko, na mara nyingi mkono wa kushoto hufaa kwa kuwa mpimaji hukaa upande wa kulia wa mgonjwa. Kipimo changu cha kwanza cha peke yangu kiliharibikia hapa hapa. Mgonjwa alikuwa na kanula ya bluu mgongoni mwa kiganja, mimi nikaona si vyema kumchoma bibi mara mbili, nikasukuma dawa kwa nguvu kupitia tundu hilo jembamba, na ini likabaki jeusi karibu lote. Viputo vilikuwa vimepasuka ndani ya sindano kabla ya kuuona mwili. Kwa sababu hiyo hiyo, kwenye koki ya njia tatu bomba la viputo liunganishwe kwenye tundu lililonyooka na mshipa, na maji ya chumvi yapite kwenye tundu la pembeni.

Poda ya SonoVue iko kwenye kichupa pamoja na gesi yake. Ingiza mililita 5 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kisha kitikise kichupa kwa nguvu kwa sekunde 20 hadi upate kimiminika cheupe kama maziwa, kisicho na mabonge. Mchanganyiko unafaa kwa saa 6, lakini viputo hupanda juu vikiachwa vimetulia, kwa hiyo kabla ya kila dozi kitikise tena. Wakati wa kuvuta usilivute bomba kwa pupa, kwa maana mvuto mkali huvunja viputo sawa na msukumo mkali. Dozi iliyokwisha kuvutwa isikae kwenye bomba. Ichomwe papo hapo.

Kwenye mashine, fungua programu ya kontrasti na uchague mgawanyo wa skrini mbili, upande mmoja picha ya kawaida na mwingine picha ya viputo, ili usiupoteze uvimbe wakati picha ya viputo ingali nyeusi. Hakikisha MI iko chini ya 0.1, au pale mtengenezaji wa mashine alipoelekeza kwa bidhaa yako. Sogeza fokasi iwe chini kidogo ya uvimbe, kwa sababu shinikizo hukusanyika kwenye fokasi na ikikaa juu ya uvimbe viputo vitapasuka hapo hapo unapopataka. Kisha punguza mwangaza hadi ini liwe jeusi na kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kionekane kwa shida. Usipande juu ya hapo. Mng'ao wa uongo kabla ya sindano huharibu usomaji wote unaofuata.

Hatua ya tatu: sindano na dakika tano zinazofuata

Kazi hii inataka watu wawili, mmoja wa probu na mmoja wa sindano, na wanapaswa kukubaliana maneno kabla. Mwenye probu akisema “choma”, mwenzake anasukuma mililita 2.4 kwa sekunde 2 hadi 3, kisha mara moja maji ya chumvi mililita 5 hadi 10. Saa ya sekunde inabonyezwa wakati viputo vinapoingia. Mashine nyingi za kisasa zina wepesi wa kutosha kuona kwa nusu ya dozi hiyo. Dozi ikizidi, sehemu ya juu ya ini hung'aa mno na kuweka kivuli kwenye sehemu za chini, kosa ambalo wageni wa kazi hii hulitibu kwa kuongeza dozi tena.

Rekodi video bila kukatiza kwa sekunde 60 za kwanza, probu ikiwa imetulia. Ini hupata takriban robo ya damu yake kutoka ateri na robo tatu kutoka vena ya lango, ambayo hukusanya damu ya utumbo na wengu. Damu ya ateri hutangulia, na tofauti hiyo ya wakati ndiyo tunayoisoma. Awamu ya ateri huanza kati ya sekunde 10 na 20 na kuishia kati ya 30 na 45, kisha awamu ya vena ya lango huendelea hadi sekunde 120, na baada ya hapo ni awamu ya mwisho, inayodumu hadi viputo vitoweke, kwa kawaida dakika 4 hadi 6. Awamu ya ateri ni fupi kuliko unavyodhani na hairudi. Ukikohoa, ukigeuka kumjibu mtu mlangoni, au mgonjwa akivuta pumzi ndefu, umeikosa.

Baada ya sekunde 60 inua probu au gandisha picha, urudi kuangalia kwa sekunde chache kila baada ya nusu dakika. Hata kwa MI ndogo mawimbi yasiyokoma hula viputo polepole, na uvimbe uliotazamwa mfululizo kwa dakika 3 unaweza kuonekana umefifia kwa sababu yako wewe na si kwa sababu ya saratani. Kuanzia dakika ya 2 pitisha probu katika ini zima, maana vijiuvimbe vilivyosambaa kutoka kwingine huonekana wakati huo kama matundu meusi kwenye ini linalong'aa, vingine vidogo kiasi kwamba altrasaundi ya kawaida haikuvigundua. Ukiikosa awamu ya ateri, subiri viputo viishe, au bonyeza kitufe cha kupasua, kinachopandisha MI kwa sekunde moja na kusafisha uwanja, kisha rudia kwa dozi ya pili.

Hatua ya nne: kusoma

Viputo havitoki nje ya mishipa. Kontrasti za CT na MRI huvuja na kuingia kati ya seli, lakini viputo hubaki ndani ya damu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo picha unayoiona ni ramani ya mishipa tu. Mtu akilisahau hili ataona ajabu matokeo ya vipimo viwili yanapotofautiana.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ambako homa ya ini aina ya B ni ya kawaida, swali linaloletwa mara nyingi ni kama uvimbe kwenye ini lenye sirosisi, yaani lililojaa makovu, ni saratani ya ini yenyewe. Saratani hiyo hujitafutia damu kutoka ateri, hivyo hung'aa kuliko ini linaloizunguka katika awamu ya ateri, kisha hufifia, lakini hufifia taratibu na kwa kuchelewa, baada ya sekunde 60. Saratani iliyosambaa kutoka utumbo mpana, titi au kongosho inaweza pia kung'aa mwanzoni, mara nyingi kama pete, ila hufifia mapema, kabla ya sekunde 60, na huwa nyeusi kabisa. Namba hiyo ya sekunde 60 inafanya kazi kubwa, na ndiyo sababu ya kusisitiza saa ibonyezwe kwa wakati.

Hemanjioma, uvimbe wa mishipa usio na madhara ambao huwatia watu hofu bure, hung'aa kuanzia kingoni kwa madoa madoa, na madoa hayo hujaza kuelekea katikati kwa dakika kadhaa bila kufifia. Jipu hung'aa ukutani na kubaki jeusi katikati. Kifuko cha maji haking'ai popote. Kwa anayefanya kazi Turkana, kaskazini mwa Kenya, eneo linalojulikana kwa wingi wa vifuko vya minyoo tegu ya mbwa, uthibitisho huo una uzito wake, ingawa altrasaundi ya kawaida katika mikono mizuri huwa imekwisha kutoa jibu.

Kwenye ripoti andika jina la bidhaa, dozi, MI, sekunde ambayo uvimbe ulianza kung'aa, sekunde ulipoanza kufifia na kiasi cha kufifia. Neno “umefifia” bila sekunde halimsaidii daktari atakayeisoma.

Pale ambapo kuna maji ya chumvi tu

Vichupa visipopatikana, bado kuna kipimo kimoja cha viputo ambacho hospitali yenye altrasaundi ya moyo inaweza kukifanya leo. Kinatafuta tundu kati ya upande wa kulia na wa kushoto wa moyo, na huombwa hasa kwa kijana aliyepata kiharusi bila sababu iliyo wazi. Kinategemea udhaifu ule ule uliowakwamisha watafiti wa zamani, kwamba viputo vya hewa tupu havivuki mapafu: vikionekana kushoto, vimepita njia ya mkato.

Unganisha mabomba mawili ya mililita 10 kwenye koki ya njia tatu iliyo kwenye kanula ya kiwiko. Katika bomba moja weka mililita 8 za maji ya chumvi, mililita 1 ya damu ya mgonjwa mwenyewe na mililita 1 ya hewa. Bila damu, mililita 9 za maji kwa 1 ya hewa zinatosha, ila damu huzaa viputo vingi zaidi na vidogo. Sukuma mchanganyiko kutoka bomba moja kwenda lingine kwa kasi, huku na huku, angalau mara 10, hadi uwe na mawingu. Ondoa hewa yoyote inayoonekana kwa macho kabla ya kufungua koki kuelekea kwa mgonjwa; hatua hii haina msamaha. Onyesha chemba nne za moyo, anza kurekodi, kisha choma haraka.

Upande wa kulia utajaa mwangwi. Hesabu mapigo ya moyo kuanzia hapo: viputo vikitokea kushoto ndani ya mapigo 3, tundu kati ya atiria, zile chemba mbili za juu za moyo, linashukiwa; vikichelewa kupita mapigo 3 hadi 5, fikiria njia ya mkato ndani ya mapafu. Rudia huku mgonjwa akijikamua kama anayekwenda haja kubwa, na aachie pale atiria ya kulia inapojaa, kwa sababu matundu mengi madogo hufunguka wakati huo tu. Ukichoma mkono wa kushoto na ukaona mrija ulio nyuma ya moyo unang'aa kabla ya atiria ya kulia, huenda mgonjwa amezaliwa na vena kuu ya ziada upande wa kushoto. Si hatari, lakini huchanganya asiyeitarajia.

Kiputo kinapopewa kazi ya kufungua mlango

Hadi hapa tumehangaika kutovivunja viputo. Katika upelekaji wa dawa MI hupandishwa hadi kati ya kuona na kuvunja, au kuvuka kidogo, mahali pamoja tu pa mwili, wakati dawa iko kwenye damu. Kiputo kinachotetemeka ndani ya mshipa mwembamba husukuma na kuvuta ukuta wake, hulegeza viungo kati ya seli, na dawa hupenya. Kikitetemeka kwa utulivu mlango hufunguka na kujifunga. Kikiporomoka kwa ghafla hutoa mikondo mikali inayoweza kutoboa seli na kuvujisha damu. Viputo vilivyoidhinishwa vimeidhinishwa kwa kupiga picha, kwa hiyo yanayofuata hufanyika ndani ya majaribio ya kitabibu, na mgonjwa anayeuziwa huduma hii nje ya majaribio hayo aulize maswali magumu.

Bergen, Norway, watafiti walitumia mashine ya kawaida ya kupimia na SonoVue kwa wagonjwa 10 wa saratani ya kongosho mara tu baada ya kupewa jemsitabini, dawa ya saratani. Matokeo yao ya mwaka 2016 yalionyesha maisha ya wastani ya miezi 17.6, dhidi ya 8.9 kwa wagonjwa wa awali waliopewa dawa peke yake. Ni tofauti inayovutia, lakini wagonjwa 10 wanaolinganishwa na majalada ya zamani hawatoshi kubadilisha tiba, na mimi nisingemwambia mgonjwa zaidi ya hapo.

Ubongo ndiko viputo vilikoleta jambo ambalo halikuwa na njia nyepesi. Mishipa ya ubongo ina kizuizi kinachozuia dawa nyingi kupita. Mwaka 2001 kundi la mtafiti Kullervo Hynynen lilionyesha kwa sungura kwamba altrasaundi iliyoelekezwa sehemu moja, pamoja na viputo, hukifungua kizuizi hicho kwa muda. Paris, kifaa kilichopandikizwa kwenye fuvu kilitumika kwa wagonjwa wa saratani ya ubongo waliopewa kaboplatini, nayo ni dawa ya saratani, na taarifa ikatoka mwaka 2016. Toronto, hospitali ya Sunnybrook ilifanya hivyo bila kupasua fuvu mwaka 2015, na baadaye kwa ugonjwa wa Alzheimer.

Kwa utaratibu huu usio na upasuaji, kikao huenda hivi. Nywele hunyolewa, kwa kuwa hata hapa hewa iliyonaswa kati yake ni adui. Kichwa hufungwa kwenye fremu na kuwekwa ndani ya kofia yenye vitoa sauti 1,024, na kati ya ngozi na kofia hupitishwa maji baridi yaliyoondolewa gesi. Mgonjwa huingizwa kwenye MRI, na daktari huchora eneo la kulengwa juu ya picha. Masafa huteremshwa hadi kilohezi 220, chini sana ya yale ya kupiga picha, ili mawimbi yapenye mfupa. Viputo huchomwa, sauti hutolewa kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko ili damu ilete viputo vipya, na shinikizo hupandishwa ngazi kwa ngazi.

Kinachoongoza mkono wa daktari hapo ni kusikiliza. Viputo vinavyotetemeka kwa utulivu hurudisha toni zao mahususi, zikiwemo za nusu ya masafa yaliyotumwa. Vikianza kuporomoka, toni hizo humezwa na kelele pana kama ya mvua juu ya bati. Kompyuta ikiisikia kelele hiyo hupunguza shinikizo au hukata sauti kabisa. Kisha mgonjwa hupewa kontrasti ya gadolini na kupigwa picha ya MRI: eneo lililofunguka hung'aa, lililobaki hubaki jeusi, na picha nyingine hutafuta alama za damu iliyovuja. Kesho yake picha hiyo hurudiwa. Eneo linatakiwa liwe halitofautiani tena na upande wa pili wa ubongo, kwa kuwa kizuizi hujifunga ndani ya takriban saa 24, na likiwa bado linang'aa mgonjwa haruhusiwi kwenda kwenye kikao kinachofuata hadi sababu ijulikane.